Mtoto wa Tanga uliyehamishiwa Mbeya: Matema nenda Ijumaa

Mkuu, umesema umezaliwa Tanga, una miezi mitatu sasa Mbeya, baridi imekuchosha na unaitamani bahari. Unauliza kama Matema, ule ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Kyela, inafaa au ni picha za watu tu. Mimi nimekaa Kyela miaka sita na nimeoa hukohuko, kwa hiyo pokea maneno ya shemeji wa Wanyakyusa.

Usiende Jumamosi kama watu wengi wa mjini. Nenda Ijumaa, maana Jumamosi asubuhi ndiyo kuna mnada wa vyungu Lyulilo, jirani kabisa na Matema, na huo ndio utakaoukumbuka kuliko mchanga. Panda costa ya Kyela, ushuke Kikusya, hapo utapata usafiri wa Ipinda hadi Matema. Siku hizi ni lami. Uyole utapanda na sweta na koti juu yake, Tukuyu mvua itakupokea kwenye chai na migomba, Kikusya sweta liko mkononi linakukera. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi, ziwani hata 500 hazifiki.

Sasa Lyulilo. Akina mama wa Kikisi wanatoka kijiji cha Ikombe kwa mitumbwi, vyungu vimepangwa mpaka juu na nyasi katikati visigongane. Huko Milima ya Livingstone imeshuka hadi majini, ndiyo maana njia yao kubwa ni ziwa. Ukichagua chungu, usikiangalie rangi. Mama mmoja alinicheka nilipokuwa nageuzageuza. Akakichukua, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akanisogezea sikioni. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti ya kukwama, kina ufa hata kama huuoni. Nikanunua kikubwa kilicholia vizuri, nikakiweka kwenye buti la gari chini ya gunia la mchele. Uyole nikashusha vigae. Wife alipandia vitunguu kwenye kipande cha chini, na mpaka leo wageni wakija ananiomba niwasimulie. Wewe kipakate mpaka nyumbani.

Kuhusu maji yenyewe, usisubiri yapwe, hayapwi. Hayana chumvi, hutatoka ngozi imekukaza. Ila usilidharau kwa kuwa ni ziwa: Nyasa lina kina cha mita 700 na ushee, na upepo wa kusini ukivuma, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, linapiga mawimbi ambayo hata wewe wa Tanga utarudi nchi kavu. Mtumbwi wa Ikombe panda asubuhi maji yakiwa yametulia. Jua nalo linachelewa kutokeza kwa sababu milima iko mashariki. Ukishaona mwanga huku bado uko kivulini, ndio muda wa kuogelea.

Usiogelee kwenye mdomo wa mto Lufilyo. Kuna mamba. Wavuvi watakwambia bila kuulizwa, wasikilize. Kwenye maji yaliyotuama penye matete kaa mbali pia, kichocho hakichagui mgeni. Chandarua kiwe na wewe. Chumba nilichopewa safari moja kilikuwa na neti yenye tundu la kupitisha kichwa, nikawalisha mbu usiku kucha.

Chakula: omba samaki aina ya mbasa na wali wa Kyela, ule mchele unanukia kabla sufuria haijafunuliwa. Mbasa ana miba, kula taratibu. Raha ya Tanga ya kutembea usiku mjini na kupata kila kitu, hiyo haipo, saa tatu kijiji kimelala na unasikia ziwa tu. Ukitaka disko baki Mbeya.

Ukimkuta mzee asubuhi sema "ugonile", ukipewa kitu sema "ndaga fijo", yaani asante sana, bei inashuka yenyewe. Na lile jambo la jina la ziwa, majirani wanaliita Malawi. Usilianzishe kijiweni, hamtamaliza.

Ukipata likizo ndefu, nenda bandarini Kyela uulizie meli ya MV Mbeya II, inakwenda hadi Mbamba Bay. Ratiba uliza palepale, usiniamini mimi. Jumapili ondoka Matema kabla ya saa sita mchana. Mimi nilingoja jua lizame, nikalala Ipinda kwenye benchi la mama ntilie.