Kukataa kazi za wenzako bila kuvunja heshima

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kukataa kazi za wenzako ofisini pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali jijini Dodoma, bila kuonekana una majivuno, huku zako zikilala. Naona tatizo kubwa si wingi wa kazi, bali ni kwamba unaitikia kabla hujafikiri. Basi jizoeze kujibu, "Naomba niangalie ratiba yangu, nitakujibu kabla ya saa nane," maana nafasi hiyo ndogo ndiyo itakayokuwezesha kuamua badala ya kuogopa. Kwa kuwa mtumishi wa umma siku hizi hupimwa kwa majukumu yake yaliyomo kwenye PEPMIS, yaani mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi, taarifa unazowaandikia wengine hazitaingia katika tathmini yako, hata kama kila mtu anakusifu kwa wema. Kwa mkuu wako usikatae moja kwa moja: mwonyeshe ulichonacho mkononi, kisha umwombe kwa adabu akuelekeze kipi kisubiri. Wenzako watanuna, hasa waliokuzoea, na hilo litakuuma. Vumilia. Anayehitaji kujifunza, keti naye umfundishe; anayetaka tu kuwahi kuondoka siku ya Ijumaa, mwache amalize kazi yake mwenyewe.