Laptopu mpya: pesa iende kwa RAM kwanza
Dadangu wa Maseno, umeuliza hiyo pesa imebaki uiweke kwa RAM (memori ya kushikilia kazi umefungua), SSD (stoo ya kuweka mafaili) ama prosesa (chipu inayofanya kazi yenyewe). Mimi naona RAM, toka 8GB uende 16GB, juu laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM imechomelewa kwa bodi, huwezi ongeza baadaye hata ukizunguka mafundi wote wa Oginga Odinga Street, Kisumu. SSD nayo kwa nyingi inatoka, kwa hivyo chukua 256GB saa hii ikijaa utabadilisha, lakini muulize muuzaji kwanza kama hiyo modeli inakubali. Prosesa kali kama Core i7 ya nini na kazi yako ni Excel na kuandika projekti? Skrini ya 4K, ile ya picha kali sana, achana nayo, inakula betri, na stima ya huku unaijua.