Kulainisha ramani ya aina za ardhi: acha wastani, na chunga kanda nyembamba

Mkuu, umesema umeainisha picha za setilaiti ya Sentinel-2, yaani umeipa kila pikseli (kila nukta ya picha) aina yake ya ardhi, ramani ikajaa madoadoa, na ulipoilainisha kwa wastani wa dirisha la pikseli 3 kwa 3 yakatokea mashamba ya mpunga mahali ambapo hakuna anayelima. Mimi nachora ramani za delta ya Rufiji, na hilo nalijua vizuri.

Angalia namba ulizozipa aina za ardhi. Kama mikoko ni 1, mpunga 2 na maji 3, basi kwenye kila ukingo programu inajumlisha mikoko na maji, inagawanya, inapata namba iliyo karibu na 2. Huo mpunga umezaliwa na hesabu. Ubaya wake ni kwamba Rufiji kweli watu wamefyeka mikoko wakalima mpunga, kwa hiyo atakayepokea ramani hatashtuka. Namba za aina ni majina tu, hazijumlishwi. Kinachotakiwa ni kura: aina iliyo nyingi zaidi dirishani ndiyo inachukua pikseli ya katikati. Kwenye programu ya ramani ya GRASS, amri ya r.neighbors usipoiambia kitu huchukua wastani, kwa hiyo andika method=mode. Kwenye lugha ya R, tumia focal ya kifurushi cha terra na fun="modal", uongeze na.rm=TRUE na na.policy="omit" ili sehemu zisizo na data zisipige kura wala zisijazwe.

Ila kura nayo huonea vitu vyembamba. Chukua ukanda wa mikoko wa pikseli mbili, yaani mita 20, wenye mpunga pande zote. Dirisha la 3 kwa 3 likikaa juu yake linakuta mikoko 6 kati ya 9, ukanda unapona. Dirisha la 5 kwa 5 linakuta mikoko 10 na mpunga 15. Ukanda wote unafutika, hata uwe na urefu wa kilomita nzima. Na ukiwa wa pikseli moja, hata lile dogo linaumaliza.

Ndiyo maana kwa pwani mimi natumia amri ya gdal_sieve, inayochuja vipande vidogo. Kwenye programu ya QGIS inaitwa Sieve. Yenyewe inapima ukubwa wa kipande kizima. Kwa pikseli za mita 10, hekta moja ni pikseli 100. Ukiweka kizingiti cha pikseli 50, kipande kilicho chini ya nusu hekta kinamezwa na jirani yake mkubwa kuliko wote. Ukanda mwembamba lakini mrefu una pikseli za kutosha, unabaki. Usisahau kuandika -8 kwenye amri! Bila hiyo inatambua majirani wanne tu, wanaogusana kwenye kona hawahesabiwi, na kijito chembamba kinachokwenda mshazari kinakatika pikseli moja moja, kisha zote zinafutwa.

Ukimaliza, linganisha ramani ya kabla na ya baada pikseli kwa pikseli, uone kila aina imepoteza eneo gani na limekwenda kwa nani. Mikoko ikiwa ndiyo inayoliwa, shusha kizingiti urudie. Na usahihi upime kwenye ramani iliyolainishwa, kwa sababu hiyo ndiyo utakayomkabidhi mtu.