Masafa ni ya Nani? Maswali Yenu Kuhusu Redio na Televisheni za Watu Binafsi

Kampuni ikishapata masafa ya FM, je, yanakuwa mali yake? (Msomaji wa Barani, Malindi)

La. Masafa ni mali ya umma na hayauziki kama shamba la minazi. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huipa kampuni leseni ya kuyatumia kwa muda na kwa masharti. Kilicho chake ni studio, mitambo na mapato ya matangazo ya biashara. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa watangazaji, lakini hakikufuta leseni. Kimetaka tu utoaji wake usitawaliwe na serikali, siasa wala biashara.

Stesheni za binafsi zilianza lini nchini? (Maweni)

KTN ilianza kurusha televisheni mwaka 1990, na Capital FM ikafuata kwa upande wa redio mwaka 1996.

Tukishavuka mwamba na mashua, redio hukoroma. Betri ni mpya. Kosa ni la nani? (Mvuvi, Shela)

Si la betri, bwana. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja na hayapindi kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo kadiri unavyotweka kuelekea kilindini ndivyo mlingoti wa stesheni unavyozama nyuma ya upeo wa macho, hata ile redio uliyoifunga kwa mpira kwenye ubao ikabaki kuvuma tu. Masafa ya kati (MW), waliyoyazoea wazee wetu, huambaa juu ya maji ya chumvi na kufika mbali zaidi. Kampuni ya binafsi ingeweza kusimamisha mtambo mwingine kaskazini, lakini kabla ya kulipia umeme, ulinzi na masafa mapya huhesabu wasikilizaji ambao wenye maduka watataka kuwatangazia. Kwa hesabu hiyo Kiunga, kijiji cha huko kaskazini, hushindwa na Mombasa kila mara, na mimi sioni kama soko peke yake litaigeuza.

Redio ilirusha mzaha wa matusi saa moja asubuhi, watoto wakiwa mezani. Nilalamike wapi? (Mama, Muyeye)

Saa hiyo imo katika muda wa ulinzi wa watoto, unaoanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Anza na stesheni yenyewe kwa maandishi. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka, au kwa Baraza la Vyombo vya Habari ikiwa kosa ni la maadili ya mwanahabari. Taja stesheni, kipindi, tarehe na saa, kwa kuwa “juzi asubuhi” haimsaidii anayetafuta rekodi.