Mwanangu, kuhusu mdogo wako na kansa

Mwanangu hujambo huko. Juzi uliniuliza kwenye simu eti mdogo wako kwa hii Down sindromu yake atapata kansa, nikakata nikasingizia chaji, nisamehe, mwenyewe alikuwa pembeni yangu anabangua korosho na anasikia kila kitu.

Sasa ni hivi. Yeye ana kromosomu, vile vinyuzi vya urithi ndani ya seli, 47 badala ya 46, ile ya 21 anazo tatu, na watoto wa hivyo kansa ya damu inawapata mara 10 mpaka 20 zaidi kuliko wengine, hasa kabla ya miaka 5. Unakumbuka zile safari za Dar unaachwa kwa bibi Nachingwea unalia? Ndo hiyo. Alizaliwa na seli changa za damu kibao, madokta wakasema kwa wachanga wenye Down mara nyingi zinaisha zenyewe ila kuna wengine inarudi imeshakuwa kansa kabisa, so tupime tupime mpaka avuke miaka 4. Masika kipande cha Somanga mpaka Ndundu tope tupu, basi linanasa tunalala humohumo nimempakata. Sikukwambia, ulikuwa mdogo.

Sa hivi ana 20, kile kipindi kibaya kashavuka, na kansa nyingi za uvimbe watu kama yeye zinawapata kidogo kuliko sisi. Ila akipauka, akichoka hovyo, akiwa na michubuko hajaanguka, apimwe damu yote sio malaria tu. Mwaka juzi zahanati moja waliniambia "ndivyo walivyo hawa", nilikasirika mwanangu, nikagoma kutoka mpaka wakampima, kumbe damu imepungua. Ukiambiwa hilo neno popote usilikubali.

Imebaki moja, kansa ya korodani. Vijana wenye Down inawapata zaidi kuliko vijana wengine na uvimbe wake mara nyingi hauumi, sasa yeye atajuaje? Mimi siwezi, toka atoke jando akioga anajifungia, na mjomba wako macho ndo yale. Wewe anakuiga kila kitu. Ukija msimu huu mfundishe kujipapasa taratibu akishaoga maji ya moto, kila mwezi, na mkikuta kigumu hata kama punje ya choroko mnipitie tu hapa nyumbani, twende hospitali ya Sokoine siku hiyohiyo.