Utapimaje kiini kinachooza kabla hujakishika?

Swali: Nafundisha fizikia sekondari. Mwanafunzi wangu kanibana: ikiwa nusumaisha (muda ambao nusu ya viini huwa vimeoza, yaani vimegeuka kuwa kiini kingine) ya lithiamu-11, lithiamu yenye protoni 3 na nyutroni 8, haifiki hata sekunde moja ya mia, walijuaje kwamba kiini chake ni kikubwa kupita kawaida? Si kitakuwa kimeoza kabla hujakigeuza shabaha ya kupiga?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako kagusa penyewe. Shabaha ya lithiamu-11 haitengenezeki. Nusumaisha yake ni milisekunde 9 hivi. Kwa hiyo kazi hugeuzwa: kinachochunguzwa ndicho kinachorushwa, na shabaha inakuwa kitu cha kawaida kilichotulia, kwa mfano kipande cha kaboni.

Viini vizito kidogo vilivyo imara huchapuzwa, kisha hugongwa kwenye bamba la berili. Vinavunjika, na vipande vyake vinaendelea mbele kwa kasi karibu ileile. Sumaku huvichambua kufuata masi na chaji, na zile lithiamu-11 chache hubaki kwenye mkondo. Katika jaribio la Isao Tanihata na wenzake kule Berkeley, California, lililochapishwa mwaka 1985, zilikwenda kwa zaidi ya asilimia 80 ya kasi ya mwanga. Kwa mwendo huo mita 100 hukatwa kwa nusu ya mikrosekunde au pungufu. Milisekunde 9 hapo ni umri wa mzee.

Vipimo vyenyewe vilikuwa vya kuhesabu tu: lithiamu-11 ngapi zimeingia kwenye shabaha, ngapi zimetoka zikiwa nzima? Rusha gololi na mpira wa miguu kwenye shamba la minazi, kila kimoja mara mia; mpira utagonga mashina mara nyingi zaidi, na kwa idadi hiyo unakadiria upana wake bila kuuona. Nusukipenyo cha lithiamu-9 kilitoka femtomita (kipimo kidogo mno cha urefu, cha kupimia viini) 2.3 hivi, cha lithiamu-11 zaidi ya 3. Nyutroni mbili tu zimeongezeka! Kanuni ya vitabuni, ile ya kipeuo cha tatu cha namba ya masi (jumla ya protoni na nyutroni), ingetarajia ongezeko la asilimia 7.

Mtu mbishi angesema labda kiini kizima kimevimba. Mimi pia ningebisha. Lakini mwaka 2006 kule Vancouver, Kanada, leza zilipima mtawanyiko wa protoni peke yake, nao ulikuwa umeongezeka kidogo tu. Basi walio mbali ni zile nyutroni mbili, zimetanda nje kama duara la nuru linalozunguka mwezi, na ndiyo maana huitwa halo. Kuzing'oa zote mbili kunahitaji MeV (kipimo cha nishati ya viini) 0.37 tu, ilhali kwenye viini vya kawaida nyutroni moja hudai kama MeV 8.

Kinachonifurahisha zaidi ni mafiga yake. Lithiamu-9 na nyutroni moja hazishikani. Nyutroni mbili peke yake hazishikani. Weka vyote vitatu, chungu kinakaa. Ondoa kimoja, kinaanguka.

Mpe kijana wako karatasi ya grafu achore nusukipenyo dhidi ya namba ya masi. Lithiamu 6 hadi 9 zitalala karibu kwenye mstari mmoja, kwenye 10 atakuta pengo, na nukta ya 11 itaruka peke yake juu.