Kazi ya nyumbani itarudi darasani

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Teknolojia italibadilishaje darasa?", limenikuta nikisahihisha madaftari, kwa hiyo najibu kama mwalimu wa hisabati. Utabiri nawaachia wengine. Mwaka 1913 mvumbuzi Thomas Edison alisema vitabu vingepitwa na wakati shuleni kwa sababu ya sinema, na hapa mezani kwangu vimejaa.

Ila safari hii kuna kitu nakiona kinaondoka kweli, nacho ni kazi ya nyumbani. Tangu ChatGPT, programu inayomwandikia mtu majibu, ilipotolewa Novemba 2022, ukurasa safi uliotoka nyumbani haunionyeshi tena mwanafunzi anajua nini. Programu zinazodai kunusa maandishi ya mashine nazo huwasingizia hata walioandika kwa jasho lao, na mimi sitaki kuwa hakimu wa kesi hizo.

Kwa hiyo naona mambo yatapinduka: maelezo yasikilizwe nyumbani, kuandika na kukokotoa kufanyike darasani, mwalimu akipita kati ya madawati. Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Colorado, Marekani, walianza hivyo mwaka 2007 kwa kurekodi masomo yao. Wakati ule lilikuwa jaribio tu. Sasa nadhani tutasukumwa huko, tupende tusipende. (Asiye na simu wala intaneti nyumbani itabidi apewe nafasi ya kusikiliza shuleni, la sivyo tumemwacha nyuma kabla hata kengele haijalia.)

Kusahihisha naiachia mashine bila kinyongo. Mwanasaikolojia B.F. Skinner alishaonyesha mwaka 1954 mashine iliyomjulisha mwanafunzi papo hapo kama amepata au amekosa, na za leo hueleza hata kosa lilipoanzia. Lakini chukua daftari lililo mbele yangu. Nusu jumlisha theluthi: mwanafunzi ameandika mbili ya tano. Kajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, kosa la kila mwaka. Programu nzuri ingelitambua mara moja na kumpa zoezi jingine la sehemu.

Nilipoliinua kwenye mwanga nikaona chini yake kivuli cha ufutio: tano ya sita. Alikuwa amepata! Nilipomuuliza kwa nini alifuta, akatazama chini, akasema jirani yake, ambaye huwa hakosi, alikuwa ameandika mbili ya tano.

Huyo hahitaji somo la sehemu. Anahitaji kusimama ubaoni atetee jibu lake mbele ya huyo huyo jirani, na mimi niwepo kuzuia wengine wasimcheke. Kazi ya namna hiyo inakula muda. Darasa likiwa na wanafunzi 60 siwezi kumfikia kila mmoja hata mara moja kwa wiki. Basi fedha za skrini zikipatikana, kwangu zianze na mwalimu wa pili.